Mizizi, kuvu na bakteria wa udongoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wakulima wa maharage, soya, muhogo na mahindi, wenye vitalu vya miche, na walimu wa sayansi. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Mashamba yetu mengi tayari yana kuvu nzuri, na kazi kubwa ya mkulima ni kutoifukuza. Kwa bakteria wa soya hali ni nyingine: huko kuwanunua mara nyingi kunalipa.

Mikoriza ni kitu gani?

Ni ushirika wa mzizi na kuvu. Kuvu, au fangasi kama wengi wanavyoiita, huingia kwenye mzizi bila kuudhuru, kisha hutandaza nyuzi zake nje, ndani ya udongo. Jina hilo lilitolewa mwaka 1885 na mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Albert Bernhard Frank. Serikali ya Prussia ilimtaka atafute njia ya kuotesha uyoga wa bei kubwa unaokua chini ya ardhi. Uyoga ulimshinda, lakini alipochunguza mizizi ya miti aliona imevikwa kuvu na bado miti ina afya njema. Akasema kuvu ile inailisha miti. Wenzake wengi walimpinga kwa miaka mingi.

Takriban asilimia 70 ya aina zote za mimea yenye mishipa huishi na mikoriza ya aina moja kuu, ile inayoingia mpaka ndani ya seli za mzizi na kuchipua humo vitawi vidogo sana. Mazao yetu mengi ya chakula yamo kundi hili. Aina ya pili huvika ncha za mizizi ala ya kuvu kwa nje, haiingii ndani ya seli. Hiyo ndiyo ya misonobari na ya miti mingi ya miombo. Ushirika wenyewe ni mkongwe: mawe ya Rhynie kule Scotland yana mabaki ya mimea ya miaka takriban milioni 400 iliyopita, na kuvu imo ndani yake.

Si tumefundishwa kuwa fangasi ni ugonjwa?

Fangasi wa kunyausha migomba ni ugonjwa, na wa kutu ya majani ni ugonjwa. Kuvu ya mikoriza ni jamii nyingine. Ile ya mazao haiwezi hata kukamilisha maisha yake bila mmea hai, kwa hiyo haina faida yoyote katika kuuua. Ukikuta mzizi umeoza, mweusi, unanuka, huo si mikoriza. Mzizi wenye mikoriza ya mazao ukiutazama kwa macho huoni tofauti yoyote na mzizi wa kawaida.

Mmea unapata nini hasa?

Kwanza fosforasi. Hapa ndipo penye uzito wote wa jambo hili, kwa hiyo nitapaeleza kwa utulivu.

Fosforasi haitembei udongoni. Naitrojeni husafiri na maji hadi kwenye mzizi, lakini fosforasi hushikwa na chembe za udongo, hasa kwenye udongo mwekundu wenye chuma na aluminiamu nyingi, ambao tunao tele. Mzizi ukishanyonya iliyo karibu nao, unazungukwa na ukanda mtupu wa milimita moja au mbili. Zaidi ya hapo fosforasi ipo, lakini mzizi hauifikii. Ni mtu aliyekaa sokoni asiye na nauli ya kuvuka barabara. Nyuzi za kuvu ndizo zinazovuka. Wembamba wake ni chini ya sehemu moja ya mia ya milimita, hivyo hupenya kwenye vijinafasi ambavyo hata vinyweleo vya mzizi havipiti, na huenda sentimita kadhaa mbali na mzizi.

Zinki na shaba nazo huletwa kwa njia hiyohiyo. Wakati wa ukame mmea wenye mikoriza mara nyingi hustahimili zaidi, na nyuzi zile husaidia kushikamanisha chembe za udongo ili usichukuliwe na mvua. Faida hizo nazikubali, ila sipendi zinavyokuzwa na wauzaji. Hoja kuu ni fosforasi.

Na kuvu inalipwa nini?

Chakula. Mmea hutengeneza sukari kwa jua, na sehemu ya kaboni hiyo, kati ya asilimia 4 na 20 kwa makadirio yanayotumika sana, huenda kwa kuvu. Kwa muda mrefu ilidhaniwa ni sukari peke yake. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba mmea huipa kuvu mafuta pia, kwa sababu kuvu hii haina uwezo wa kujitengenezea mafuta ya msingi inayoyahitaji.

Ukishajua bei hii, mambo mengi ya shambani yanaeleweka. Mmea uliojaa fosforasi hauna sababu ya kulipa, kwa hiyo huifungia kuvu mlango.

Mzizi na kuvu hukutanaje gizani?

Mzizi huita. Mmea ukikosa fosforasi, mizizi hutoa kemikali zinazoitwa strigolaktoni, kwa kiasi kidogo mno. Kuvu ikizihisi, nyuzi zake huchangamka na kutoa matawi mengi kuelekea mzizi. Jambo hili lilithibitishwa na watafiti wa Japani mwaka 2005.

Lakini kemikali hizo zilikuwa zimeshajulikana tangu 1966, na zilijulikana kwa ubaya. Jina lake limetokana na Striga, gugu la maua ya zambarau ambalo wakulima wengi wa Tanzania wanaliita kiduha. Mmea mmoja wa kiduha hutoa mbegu kwa makumi ya maelfu, ndogo kama vumbi, na zinaweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10 bila kuota. Zinangoja. Mahindi au mtama ukitoa mwito wa kuita kuvu, mbegu ya kiduha nayo inausikia, inaota, inajibandika kwenye mzizi na kuanza kunyonya. Mwito wa kumwita rafiki unafuatwa na mwizi.

Ndiyo maana kiduha hushamiri kwenye mashamba yaliyochoka. Udongo ukiwa maskini wa fosforasi, mahindi huita kwa nguvu zaidi, na mbegu nyingi zaidi za kiduha huamka. Mkulima anayerutubisha udongo wake anapunguza kelele hiyo.

Maarifa haya yamezaa matunda ya kweli. Profesa Gebisa Ejeta, mzaliwa wa Ethiopia, alipata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009 kwa kazi yake ya mtama, ikiwemo mbegu zinazokinzana na kiduha. Baadhi ya mbegu za namna hiyo mizizi yake hutoa mwito ambao kiduha hakiuelewi vizuri. Hapa Tanzania mbegu za Hakika na Wahi zimetokana na kazi hiyo. Huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE na washirika wake walikuza kilimo cha sukuma-vuta: desmodiamu hupandwa katikati ya mistari ya mahindi, na majani ya malisho pembezoni. Mizizi ya desmodiamu huamsha mbegu za kiduha, halafu huzizuia zisijishike kwenye mahindi. Zinakufa. Na kwa kuwa desmodiamu ni mmea wa jamii ya mikunde, huongeza naitrojeni, na ng'ombe wanaula.

Ni mazao gani yanaitegemea sana mikoriza?

Muhogo unaongoza. Mizizi yake ya kufyonza ni minene na michache, vinyweleo vyake ni haba, na bila kuvu hupata fosforasi kwa shida kubwa. Watu husema muhogo unamea hata kwenye udongo mbovu. Sehemu kubwa ya sifa hiyo ni ya kuvu. Vitunguu, migomba, michungwa na miti mingi ya matunda nayo huitegemea sana. Mahindi, mtama, maharage na kunde yananufaika, kwa kiasi kinachotegemea udongo.

Yapo yasiyoihitaji?

Yapo. Kabichi, sukuma wiki, chainizi, figili na jamaa zao wote hawana mikoriza. Mchicha na spinachi kwa kawaida hawana pia. Yeyote anayekuuzia unga wa mikoriza kwa ajili ya kabichi anakula fedha yako bure. Vilevile, ukilima kabichi mfululizo misimu mingi, kuvu ya shamba hilo hupungua kwa kukosa mwenyeji. Weka vitunguu au maharage katikati ya mzunguko.

Vile vinundu kwenye mizizi ya maharage ni mikoriza?

Hapana, hao ni bakteria, wanaitwa raizobia. Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78, lakini mmea hauwezi kuitumia ikiwa katika hali hiyo. Viwandani, kuigeuza kuwa mbolea kunahitaji joto la nyuzi 400 hadi 500 na mgandamizo mkubwa sana. Raizobia hufanya kazi hiyo ndani ya kinundu, kwenye joto la kawaida la udongo, wakilipwa sukari. Hellriegel na Wilfarth walilionyesha jambo hili Ujerumani mwaka 1886, na miaka miwili baadaye Mholanzi Martinus Beijerinck akawatenga bakteria wenyewe.

Nitajuaje kama vinundu vyangu vinafanya kazi?

Ng'oa mimea michache inapoanza kutoa maua. Usivute, chimba, maana ukivuta vinundu vinabaki ardhini. Osha taratibu, kisha pasua vinundu kwa kucha. Ndani kukiwa na rangi nyekundu au ya waridi, kazi inaendelea. Wekundu huo ni wa kemikali iliyo jamaa na himoglobini ya damu yetu, na kazi yake ni kudhibiti oksijeni, kwa sababu kimeng'enya kinachokamata naitrojeni huharibiwa na oksijeni. Ndani kukiwa kweupe au kijani, kinundu ni kichanga, kimezeeka, au kina bakteria wasiofaa.

Jihadhari na minyoo fundo. Nayo huvimbisha mizizi, na wakulima wengi hufurahia uvimbe huo wakidhani ni baraka. Kinundu cha raizobia kimebandikwa pembeni mwa mzizi, ukikisukuma kwa kidole kinabanduka. Uvimbe wa minyoo fundo ni mzizi wenyewe uliovimba, haubanduki.

Soya yangu haina kinundu hata kimoja. Kwa nini?

Soya asili yake ni Asia ya Mashariki, na bakteria wake hawakuja nayo katika kila shamba. Mahali ambapo haijawahi kulimwa, mara nyingi haikuti mshirika anayemfaa. IITA, kituo cha utafiti chenye makao Ibadan, Nigeria, kilizalisha mbegu za soya zenye herufi TGx ambazo hukubali bakteria wa Kiafrika waliopo, na zimesaidia. Hata hivyo nazo mara nyingi huzaa zaidi zikichanjwa, yaani zikipakwa bakteria hai kabla ya kupandwa. Soya iliyopata bakteria wazuri, fosforasi na mvua inaweza kukamata zaidi ya kilo 100 za naitrojeni kwa hekta kwa msimu. Maharage ya kawaida ni mvivu katika kazi hii, mara nyingi hayafiki nusu ya hapo.

Kunde, choroko, karanga na njugu mawe mara nyingi hazina tatizo hili, kwa sababu bakteria wao wameenea karibu kila mahali Afrika.

Chanjo ya raizobia ni nini na inatumikaje?

Ni unga mweusi au wa kahawia wenye bakteria hai, wa kupaka kwenye mbegu. Kenya kuna BIOFIX, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro nacho kiliwahi kutengeneza chake, kikiitwa Nitrosua.

Usisahau kwamba umenunua kitu chenye uhai. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi kabla ya kulipa. Uliza kilihifadhiwa wapi: pakiti iliyokaa dirishani juani ni vumbi tu. Kila zao lina chanjo yake, ya soya haisaidii maharage. Siku ya kupanda, kaa kivulini, lowesha mbegu kidogo kwa maji yenye sukari au gundi inayokuja na pakiti, nyunyiza unga, geuza mpaka kila mbegu ipakwe. Panda siku hiyohiyo, kwenye udongo wenye unyevu, na ufukie mara moja. Mbegu zilizopakwa dawa ya kuua fangasi zinaweza kuwaua bakteria pia. Mbolea isiguse mbegu.

Bei yake kwa ekari ni ndogo sana ukiilinganisha na ya urea. Kwa mkulima wa soya sioni sababu ya kuikosa.

Nimechanja, lakini hakuna kilichobadilika.

Angalia vitu viwili. Cha kwanza ni tindikali: udongo wenye pH chini ya 5 huwachosha bakteria na mizizi, na hapo chokaa ya kilimo inahitajika kabla ya chanjo. Cha pili ni fosforasi. Kukamata naitrojeni hula nguvu nyingi, na nguvu hiyo haipatikani bila fosforasi. Kwenye udongo wenye tindikali, mbolea ya Minjingu inayochimbwa mkoani Manyara inafaa, maana tindikali yenyewe husaidia kuiyeyusha. Kwenye udongo wa chokaa haitakusaidia sana.

Mahindi yaliyochanganywa na maharage yanapata naitrojeni msimu huohuo?

Kidogo sana. Naitrojeni iliyokamatwa imo ndani ya mmea wa maharage, na sehemu kubwa huenda kwenye mbegu unazokula. Mahindi hunufaika msimu unaofuata, mizizi na majani yakishaoza. Kwa hiyo desturi ya kung'oa maharage mazima na kuyapeleka nyumbani, mizizi na yote, inaondoa faida shambani. Kata shina, acha mizizi. Kama umeyapura nyumbani, rudisha maganda na majani.

Mbolea ya dukani inawaua viumbe hawa?

Haiwaui kwa kipimo cha kawaida. Inawafanya wasihitajike. Ukimwaga urea kwenye soya, mmea hauhangaiki kujenga vinundu. Ukijaza fosforasi nyingi, mmea unapunguza mikoriza. Kiasi kidogo kwenye shimo ni jambo jingine kabisa: udongo uliochoka sana hauwezi kulisha mmea wala kuvu, na mkulima anayeambiwa aachane na mbolea zote ili "kulinda viumbe" anadanganywa kuhusu njaa ya udongo wake. Samadi na mboji, pamoja na mbolea ya kupandia kwa kipimo, huenda vizuri na viumbe hawa.

Ninunue mikoriza ya pakiti?

Kwa shamba la kawaida, hapana. Uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali umekuta bidhaa nyingi za aina hii hazina spora hai (chembe ndogo ambazo kuvu huota kutokana nazo) za kutosha, na shamba lako tayari lina kuvu iliyozoea udongo na hali ya hewa ya hapo.

Kitaluni jibu hubadilika. Miche ya migomba ya maabara huzaliwa safi kabisa, bila kuvu yoyote, na kuipa mikoriza inapohamishiwa kwenye udongo kunaisaidia. Udongo uliochemshwa, mashimo ya migodi na ardhi iliyokwanguliwa tabaka la juu pia vinastahili.

Nifanye nini ili kuvu ibaki?

Punguza kulima kwa kina, kwa sababu jembe hukata nyuzi zilizoachwa na zao lililopita, na mche mpya hulazimika kuanza upya badala ya kujiunga na mtandao uliopo. Usiache ardhi tupu miezi yote ya kiangazi kama unaweza kuwa na mbaazi, fiwi au desmodiamu shambani. Kuvu hii haina chakula pasipo na mzizi hai. Acha kuchoma mabua. Tandaza. Changanya mazao. Mbaazi naipenda kuliko zote, kwa kuwa hubaki na uhai muda mrefu baada ya mahindi kuvunwa, na hulisha watu, kuvu na raizobia kwa mpigo mmoja.

Miti nayo ina habari gani?

Misonobari si ya kwetu, na kuvu yake haikuwa ya kwetu. Nchi nyingi za tropiki zilipootesha mbegu zake, miche ilidumaa na kuwa ya njano mpaka ulipoletwa udongo kutoka chini ya misonobari iliyokomaa. Puerto Rico hali hiyo ilidumu hadi miaka ya 1950. Ndiyo sababu vitalu vya misonobari huchanganya udongo wa msitu wa misonobari kwenye viriba.

Miombo, kuanzia Tabora na Katavi hadi Katanga, ina kuvu yake asilia, na uyoga mwingi unaookotwa humo wakati wa mvua ni tunda la kuvu inayoishi kwenye mizizi ya miti hiyo. Mti ukikatwa, uyoga huo hauoti tena pale. Watu wanaokata miombo kwa mkaa wanapoteza pia chakula na kipato cha akina mama wanaouza uyoga barabarani. Uyoga wa vichuguu ni habari nyingine: huo hulimwa na mchwa, hauhusiani na mizizi. Na usile uyoga usioujua, hata ukiwa umeota chini ya mti uleule.

Mvinje wa pwani una vinundu vyake, vyenye bakteria aitwaye Frankia, jina lililotolewa kwa heshima ya yuleyule Frank wa mikoriza. Mwaka 1971 huko Bamburi, karibu na Mombasa, René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya mawe ya chokaa ya kiwanda cha saruji, mahali pasipo na udongo kabisa. Miti mingi ilimfia. Mvinje ulistahimili, kwa kuwa unajitengenezea naitrojeni kupitia vinundu hivyo. Majani yake makavu yalianza kurundikana bila kuoza, mpaka majongoo walipoletwa kuyasaga, na udongo ukaanza kujengeka. Leo ni bustani yenye msitu.

Ni kweli miti huongea kupitia kuvu?

Mwaka 1997 Suzanne Simard na wenzake walionyesha kwamba kaboni inaweza kutoka mti mmoja hadi mwingine katika msitu wa British Columbia, Kanada. Hilo lilipimwa. Lakini hadithi za mti mama anayewanyonyesha watoto wake zimekwenda mbali kuliko ushahidi, na mwaka 2023 Justine Karst na wenzake walichapisha mapitio yaliyoonyesha hivyo. Walimu, wafundisheni watoto kile kilichopimwa. Kinatosha kuwashangaza.

Mpunga wa majaruba una washirika gani?

Mikoriza hupungua kwenye maji yaliyotuama kwa kukosa hewa. Huko mshirika mkubwa ni azola, mmea mdogo unaoelea, wenye bakteria wa kijani-buluu ndani ya majani yake wanaokamata naitrojeni. Wakulima wa China na Vietnam wameutumia kama mbolea kwa karne nyingi.

Shule yetu haina vifaa vya maana. Tunaweza kuiona mikoriza?

Mnaweza, mkiwa na darubini ya kawaida. Chukueni mizizi myembamba ya kitunguu, ichemsheni kwenye mmumunyo wa potasiamu haidroksaidi mpaka iwe angavu, mwalimu akisimamia maana inaunguza. Isuuzeni kwa maji yenye siki kidogo, kisha ichemsheni dakika chache kwenye siki iliyotiwa wino mweusi au wa buluu wa kalamu. Iacheni kwenye maji yenye matone ya siki ili wino wa ziada utoke. Mkiiweka chini ya darubini, nyuzi zilizoingia ndani ya mzizi zitaonekana zimeshika wino, pamoja na vitawi vyake ndani ya seli. Fanyeni pia mzizi wa sukuma wiki, muulinganishe.